Kuanza Kukusanya Sarafu za Fedha za Wagiriki wa Kale

Sarafu ya fedha iliyopigwa na Wagiriki miaka 2,300 iliyopita hupatikana mnadani kihalali kwa bei ya simu ya kawaida. Kinachowaumiza wengi wanaoanza ni kulipa kabla ya kujua: mtu anaona picha ya bundi wa Athens, yaani sarafu ya mji huo yenye kichwa cha mungu Athena mbele na bundi nyuma, anatuma pesa, kisha anaambiwa na fundi wa kwanza anayeishika kwamba ni shaba iliyovikwa fedha. Hatua zilizo hapa chini zimepangwa kwa makusudi. Ununuzi unakuja baada ya hatua sita, na hatua ya uzani na ile ya ukaguzi ndizo zinazookoa pesa nyingi kuliko nyingine zote.

Hatua ya 1: Chagua uwanja mwembamba

Kuanzia karne ya 6 KK hadi utawala wa Warumi, mamia ya miji na wafalme wa Kigiriki walipiga sarafu za fedha, kutoka Emporion kwenye pwani ya Hispania hadi Baktria, katika Afghanistan ya leo. Anayenunua kila kinachopendeza huwa mgeni kila siku, na mgeni huuziwa kwa bei ya mgeni. Chagua mji mmoja, mfalme mmoja au thamani moja ya sarafu, kisha uangalie picha mia kadhaa za aina hiyo hiyo kabla hujatoa hata senti. Jicho likishazoea sura ya kawaida, isiyo ya kawaida hujitokeza yenyewe.

Nyanja tatu zinamfaa anayeanza. Ya kwanza ni drakma, sarafu ya msingi ya fedha ya Wagiriki, za Alexander wa Makedonia: mbele kichwa cha shujaa Herakles aliyevaa ngozi ya simba, nyuma mungu Zeus ameketi akiwa na tai mkononi, na jina ΑΛΕΞΑΝΔΡΟΥ pembeni. Zina upana wa milimita 16 hadi 18. Zilipigwa kwa wingi mno katika miji ya Asia Ndogo kama Lampsakos, Kolophon, Sardis na Miletos, na ziliendelea kupigwa kwa jina lake miaka mingi baada ya kufa kwake mwaka 323 KK. Mji uliozipiga hutambuliwa kwa alama ndogo zilizo mbele ya Zeus na chini ya kiti chake. Orodha kuu ni ile ya Martin Price ya mwaka 1991, na kanzidata ya PELLA ya American Numismatic Society, chama cha elimu ya sarafu cha Marekani, imeifuata na iko wazi bure mtandaoni.

Ya pili ni hemidrakma, yaani nusu drakma, za Cherronesos, rasi ya Gallipoli ya leo, za karne ya 4 KK. Mbele kuna simba nusu mwili aliyegeuza kichwa nyuma. Nyuma kuna mraba uliogawanywa vyumba vinne, viwili vimeinuka na viwili vimezama, na ndani ya vile vilivyozama mna vitone, herufi au vialama: nyuki, zabibu, nyota na vingine vingi. Hapa ndipo tunapomshauri mtu aanzie. Bei ni ndogo, fedha yake ni nzuri, na tofauti za vile vialama zinamfundisha kusoma sarafu badala ya kuitazama tu.

Ya tatu ni stater, sarafu kuu ya mji, za Korintho, zenye farasi mwenye mabawa Pegasus upande mmoja na Athena mwenye kofia ya vita upande wa pili. Chini ya farasi huwa na herufi ya kale koppa, Ϙ. Miji iliyokuwa na uhusiano na Korintho, kama Leukas, Ambrakia na Anaktorion, ilipiga sarafu hizo hizo ikibadilisha herufi tu, hivyo seti nzima inaweza kujengwa taratibu kwa kufuata miji.

Bundi wa Athens, ambaye kila mtu anamtaka kwanza, mwache mpaka sarafu ya tatu au ya nne. Ni miongoni mwa sarafu zinazoghushiwa zaidi za dunia nzima ya kale, na bei yake inafanya kosa liwe ghali.

Kwa bei za minada ya miaka ya karibuni, hemidrakma nzuri ya Cherronesos huwa kati ya dola 60 na 150 za Marekani, drakma ya Alexander dola 80 hadi 250, na tetradrakma (drakma nne) ya kawaida ya bundi dola 500 hadi 1,200. Jihadhari na sarafu zinazouzwa kwa hadithi. Shekeli ya Tiro, yenye kichwa cha Melqart, mungu wa mji huo, na tai, hupandishwa bei kwa sababu wauzaji huihusisha na vipande thelathini vya fedha alivyolipwa Yuda. Ni sarafu halali na ya kuvutia, yenye maandishi ya Kigiriki, lakini sehemu ya unacholipa ni ile hadithi.

Hatua ya 2: Jua uzani kwa kichwa

Sarafu hizi zilikuwa fedha iliyopimwa, kwa hiyo kila eneo lilikuwa na kipimo chake na karakana ilikishika kwa ukali. Yaandike haya kwenye karatasi ukae nayo:

- Kipimo cha Attika (Athens, Alexander na wafalme wengi waliomfuata): drakma gramu 4.3, tetradrakma gramu 17.2, oboli, ambayo ni sehemu ya sita ya drakma, gramu 0.72.
- Kipimo cha Aegina (Aegina, Thebes, Larissa na sehemu kubwa ya Ugiriki ya kati): drakma gramu 6.1, stater gramu 12.2.
- Kipimo cha Korintho: stater gramu 8.6, iliyogawanywa drakma tatu za karibu gramu 2.9.
- Misri ya akina Ptolemaio, baada ya Ptolemaio wa Kwanza kupunguza uzani: tetradrakma gramu 14.2.
- Pergamo, sarafu za kistoforo zenye kapu na nyoka: tetradrakma gramu 12.6.

Sarafu iliyotumika sana hupoteza asilimia 2 au 3. Tetradrakma ya bundi yenye gramu 16.9 haina tatizo. Yenye gramu 16.2 inahitaji maelezo, kama vile kumomonyoka au kumeguka ukingo. Yenye gramu 15 na sura safi kabisa irudishe. Kuzidi uzani ni kubaya zaidi kuliko kupungua. Karakana ya kale haikugawa fedha ya bure, hivyo tetradrakma ya Attika yenye gramu 17.8 huwa imetoka kwa mtu asiyejua kipimo.

Hatua ya 3: Elewa ilivyopigwa

Fundi aliyeyusha fedha, akapata kidonge kinene, akakipasha moto na kukiweka juu ya muhuri uliokazwa kwenye fuawe. Juu yake aliweka muhuri wa pili ulioshikwa kwa mkono au koleo, kisha akapiga nyundo. Muhuri wa chini ndio uso wa mbele. Kila alama ya uhalisi inatokana na pigo hilo: fedha ilisukumwa kutoka katikati kwenda pembeni na kuacha mistari midogo iliyotawanyika kama miale, ukingo ulipasuka hapa na pale, picha ilikaa upande, na mihuri iliyochoka iliacha nyufa zilizoinuka juu ya uso wa sarafu.

Kutokana na hayo inapatikana kanuni ambayo ni bora kuliko kifaa chochote. Sarafu mbili zinaweza kutoka kwenye mihuri ile ile, na picha zake zikafanana unywele kwa unywele. Haziwezi kufanana umbo la ukingo, mahali picha ilipokaa kwenye kidonge, mpasuko na mikwaruzo, maana hivyo ni vya kila pigo peke yake. Ukiona sarafu mbili zinashirikiana mpasuko mmoja mahali pamoja, angalau moja ni nakala, na mara nyingi ni zote mbili.

Hatua ya 4: Vifaa

Unahitaji mizani ya kidijitali inayosoma gramu 0.01 pamoja na jiwe lake la kurekebishia, kalipa ya kupimia milimita, lenzi ya sonara ya kukuza mara 10, taa moja ya mezani inayoweza kuinamishwa, na kitambaa laini cha kutandika. Lenzi za bei rahisi zilizoandikwa "mara 30" huwa na uwanja mdogo na ukungu pembeni; ya mara 10 iliyo safi inatosha. Sumaku haina msaada mkubwa. Fedha haivutwi, lakini wala shaba, bati na risasi hazivutwi.

Kipimo cha densiti kinafaa kwa sarafu kubwa. Fedha safi ni gramu 10.49 kwa sentimita ya ujazo, shaba ni karibu 8.9, bati 7.3, risasi 11.3. Fanya hivi:

1. Pima sarafu ikiwa kavu. Tuseme gramu 17.15.
2. Weka kikombe cha maji yaliyochemshwa na kupozwa juu ya mizani, dondoshea tone moja la sabuni ya vyombo ili viputo visishike, kisha rudisha mizani kwenye sifuri.
3. Funga sarafu kwa uzi mwembamba wa nailoni, izamishe yote bila kugusa chini wala kando. Ikiwa ni dhaifu, tumia kikapu kidogo cha uzi.
4. Soma mizani. Tuseme gramu 1.65. Hicho ndicho kiasi cha maji kilichosukumwa.
5. Gawanya: 17.15 kwa 1.65 ni 10.39. Hiyo ni fedha nzuri.

Ingesoma gramu 1.88, jibu lingekuwa 9.12, na hapo ungeshuku moyo wa shaba. Usitegemee kipimo hiki kwa vipande vidogo. Oboli ya gramu 0.70 husukuma gramu 0.07 tu za maji, na kosa la tarakimu moja kwenye mizani linalipeleka jibu kutoka 10 hadi karibu 12. Pia sarafu halisi ambayo imekaa ardhini na kuwa na matundu ya ndani inaweza kusoma 9.8 au chini kidogo, hivyo densiti peke yake haihukumu.

Jaribio moja usifanye kabisa: kuidondosha mezani ili usikie mlio. Fedha ya kale hubadilika ndani kwa karne nyingi, chembechembe zake huachana, na sarafu inayoonekana imara huvunjika kama biskuti. Hata ikilia vizuri hujajifunza chochote.

Hatua ya 5: Kagua kwa mpangilio uleule kila mara

Anza na uzani na upana. Kisha nenda kwenye ukingo kabla ya kutazama picha, kwa sababu picha humvuta mtu akasahau. Sarafu iliyomiminwa kwenye kalibu ina mshono unaozunguka ukingo, au alama za tupa zinazokwenda sambamba mahali mshono ulipofutwa. Ukingo wa sarafu iliyopigwa ni wa mviringo usio sawa, na nyufa zake huwa pana nje na hujifunga kadiri zinavyoingia ndani. Ufa wa bandia mara nyingi ni mfereji wenye sakafu laini.

Sasa inamisha taa mpaka mwanga uje karibu usawa wa meza, uangalie sehemu tupu zilizo kati ya picha na herufi. Vitundu vidogo vya duara vyenye kingo laini ni viputo vya kumimina. Kutu ya kweli huacha mashimo yenye sura mbalimbali, yaliyojaa uchafu. Angalia miguu ya herufi: kwenye sarafu iliyopigwa herufi inapanda ghafla kutoka kwenye uwanda na kuna vimistari vya msukumo kando yake, kwenye nakala inapanda taratibu kana kwamba imepakwa sabuni.

Nakala za mihuri ya kisasa ni ngumu zaidi, kwa sababu zimepigwa kweli na fedha yake ni ya kweli. Carl Wilhelm Becker, Mjerumani aliyekufa mwaka 1830, alichonga mamia ya mihuri ya sarafu za kale kwa mkono wa ustadi mkubwa, na alizipa sarafu zake uzee kwa kuzitikisa ndani ya kisanduku chenye vumbi la chuma na mafuta wakati gari lake la farasi likienda. Mwanzoni mwa karne ya 20, Christodoulos alifanya kazi kama hiyo huko Ugiriki. Mwaka 1988 zilijitokeza sokoni sarafu ndogo za Mesembria na Apollonia ya Bahari Nyeusi zilizosemekana kuwa zimefukuliwa pamoja. Zilizusha mabishano makali, na leo zinahesabiwa kuwa za kughushi. Ndiyo maana hatumshauri anayeanza aguse diobol (oboli mbili) za Mesembria, zenye kofia ya vita na gurudumu, hata kama bei inavutia.

Kwa nakala za aina hii, dawa ni kutafuta pacha. Chukua picha ya sarafu unayoitaka na uilinganishe na zilizouzwa zamani kwenye acsearch na CoinArchives, hifadhi za mtandaoni za matokeo ya minada, halafu na orodha za sarafu za bandia kwenye Forgery Network na kwenye ripoti za Forum Ancient Coins. Ukipata mihuri ileile kwenye sarafu iliyoko makumbusho tangu zamani, ni dalili njema. Ukipata ukingo uleule kwenye sarafu tatu zilizouzwa na watu tofauti, umeshaokoa pesa yako.

Mkato wa patasi kwenye uso wa sarafu unastahili maneno machache, kwa sababu wanaoanza huukimbia bure. Bundi wengi waliofika Misri na Shamu walikatwa na wafanyabiashara waliotaka kuona kama ndani kuna shaba. Athens yenyewe ilikuwa na utaratibu wake: sheria ya Nikophon ya mwaka 375/374 KK, iliyochongwa kwenye jiwe na kufukuliwa katika Agora, soko kuu la mji, mwaka 1970, ilimweka mkaguzi, mtumwa wa serikali, akae sokoni na kupima fedha. Sarafu yenye moyo wa shaba au risasi aliikata palepale na ikawekwa wakfu kwa Mama wa Miungu. Kwa hiyo mkato ni sehemu ya maisha ya sarafu. Hushusha bei, wakati mwingine hadi nusu, na unakupa dirisha la kuona ndani. Kagua kama utando wa uzee ndani ya mkato unafanana na ule wa nje. Mkato unaong'aa ni wa juzi.

Sarafu zilizovikwa fedha tangu zamani ni jambo jingine tena. Athens ilipozidiwa na vita vya Peloponesi dhidi ya Sparta, mwaka 406/405 KK ilitoa sarafu za shaba zenye ngozi nyembamba ya fedha, na waghushi wa kale walifanya hivyo kila mahali. Utaona malengelenge, mahali ngozi imefunguka na rangi ya kijani inachungulia. Zina thamani yake kama historia, ila muuzaji lazima aseme wazi, na bei iwe sehemu ndogo ya ile ya sarafu kamili.

Kuhusu bundi, mambo mawili yanasaidia kuweka tarehe. Katika karne ya 5 KK jicho la Athena limechorwa kana kwamba linatutazama, ingawa uso umeelekea pembeni. Katika karne ya 4 KK jicho linakaa pembeni kama la mtu halisi. Na kuanzia katikati ya karne hiyo ya 4 Athens ilikunja sarafu zake za zamani na kuzipiga upya, ndiyo maana nyingi za wakati huo ni ndefu, zina pembe na picha iliyokosa nafasi. Usimlaumu muuzaji kwa ubovu huo, lakini usilipe bei ya bundi wa karne ya 5. Kuna pia bundi walioigwa kwa nia halali ya biashara, huko Misri, Shamu na Yemen ya kale. Upande wa Ghuba waliigwa Alexander badala ya bundi: huko Mleiha, Sharjah, mwaka 2021 kulifukuliwa mtungi wenye sarafu 409 za aina hiyo. Kwa msomaji anayeishi Falme za Kiarabu au Oman, huo ni uwanja wa kukusanya wenye mizizi karibu na mlango wake.

Hatua ya 6: Karatasi kwanza, pesa baadaye

Uliza swali moja kabla ya kila ununuzi: sarafu hii ilikuwa kwa nani, na tangu lini? Jibu zuri lina jina la mnada, tarehe na namba ya bidhaa, nawe unaweza kulihakiki. "Kutoka mkusanyiko wa zamani wa Ulaya" peke yake halithibitishi chochote.

Sababu ni za kisheria na za kimaadili pia. Mwaka 1984 karibu na Elmalı, Uturuki, wachimbaji haramu walipata takriban sarafu 1,900 za fedha, zikiwemo dekadrakma (drakma kumi) 14 za Athens, ambazo ni adimu kupita kiasi. Nyingi ziliishia Marekani kwa mkusanyaji tajiri, na baada ya kesi ya miaka mingi zilirudishwa Uturuki mwaka 1999. Aliyezinunua alipoteza, na elimu ilipoteza zaidi, kwa kuwa sarafu zikichimbuliwa kienyeji hakuna anayejua zilikaaje na zilizikwa na nini. Marekani inazuia kuingiza sarafu za aina fulani kutoka Ugiriki na Italia tangu 2011, Cyprus tangu 2007, na nchi nyingine zimeongezwa baadaye. Umoja wa Ulaya umeanza kutumia kanuni yake ya 2019/880 kuhusu vitu vya kale vinavyoingizwa tangu tarehe 28 Juni 2025. Risiti inayoonyesha sarafu ilikuwa sokoni kabla ya tarehe hizi ina thamani ya pesa taslimu.

Ukiwa mtalii Ephesus, Side au penye magofu mengine yoyote Uturuki na Ugiriki, usinunue sarafu inayotolewa mfukoni. Iwapo ni bandia umetapeliwa. Iwapo ni ya kweli, kuivusha mpaka ni jinai.

Kasha la plastiki la kampuni ya upimaji si kinga kamili. NGC, kwa mfano, huzipa sarafu za kale alama ya 1 hadi 5 kwa upigaji na nyingine ya 1 hadi 5 kwa hali ya uso, na hukataa zile inazozishuku, lakini soma kwanza dhamana yake inahusu nini hasa. Dhamana unayoitaka ni ya muuzaji mwenyewe: kurudisha pesa wakati wowote sarafu ikithibitika kuwa bandia, bila kikomo cha siku 14 au 30. Asiyeitoa kwa maandishi, mwache.

Hatua ya 7: Mnada na hesabu yake

Bei ambayo dalali anagongea nyundo siyo utakayolipa. Juu yake kuna kamisheni ya mnunuzi, kwa kawaida asilimia 15 hadi 25, usafirishaji wenye bima, gharama ya benki, na kodi ya nchi yako. Hesabu kwa kurudi nyuma. Tuseme umejipangia dola 300 zote kwa zote, uko Tanzania ambako VAT ni asilimia 18, usafirishaji ni dola 35, benki dola 10 na kamisheni asilimia 20. Toa 10 ya benki, inabaki 290. Gawanya kwa 1.18, unapata karibu 246. Toa 35, inabaki 211. Gawanya kwa 1.2: dau lako la mwisho ni dola 175. Huko Kenya VAT ni asilimia 16. Ushuru wa forodha, kama upo, unapunguza dau hilo zaidi, hivyo ongea na wakala wa forodha kabla ya mnada na mtajie kifungu 9705.31 cha ushuru, kinachohusu sarafu za mkusanyiko zenye umri wa zaidi ya miaka 100. Mwombe muuzaji aandike namba hiyo kwenye ankara. Kifurushi kilichoandikwa "vito" au "fedha" tu hukaa bandarini kikisubiri maswali.

Liweke dau lako mapema kwa maandishi na usiliguse mnada ukiendelea. Sarafu uliyoikosa leo, kama ni ya aina za kawaida tulizozitaja, itarudi ndani ya miezi michache.

Usimwombe muuzaji apunguze thamani kwenye ankara ili kukwepa kodi. Bima italipa thamani iliyoandikwa, na karatasi yako ya umiliki itabeba uongo milele.

Hatua ya 8: Andika

Siku sarafu inapofika, pima na uandike: uzani kwa tarakimu mbili za desimali, upana mkubwa zaidi, na mhimili, yaani kichwa cha picha ya nyuma kimeelekea namba gani ya uso wa saa ukiigeuza sarafu kwa kuizungusha pembeni. Ongeza namba ya rejea kutoka orodha kama ile ya Price, bei yote uliyolipa, muuzaji, tarehe, na wamiliki wa nyuma. Piga picha tatu: mbele, nyuma na ukingo, mwanga ukitoka upande wa juu kushoto. Linganisha mara moja na picha ya mnada. Ikiwa mpasuko mmoja hauko, umeletewa sarafu nyingine. Vikaratasi vya zamani vilivyokuja nayo usivitupe, hata vikiwa vimechanika.

Hatua ya 9: Tunza, na uache kusafisha

Rangi ya kijivu au bluu nyeusi ya fedha ya kale ndiyo wanayoilipia wanaojua. Dawa ya meno, majivu, limau, magadi na karatasi ya alumini, vyote huondoa ngozi ya sarafu na nusu ya bei yake. Kinachoruhusiwa ni kuiloweka kwenye maji yaliyotoneshwa (distilled), ukiyabadilisha kila siku kwa siku kadhaa, kisha kuikausha kwa kuigusagusa na kitambaa, bila kusugua. Ikiwa na utelezi wa kijani uliotoka kwenye plastiki mbaya, tumia asetoni safi ya maabara ndani ya glasi, dirisha likiwa wazi na moto ukiwa mbali. Ya kuondolea rangi ya kucha ina mafuta na manukato. Magamba magumu ya zambarau au kahawia ni kloridi ya fedha. Yakwangue na utatoka na uso wa sarafu.

Vifuko laini vya PVC vyenye harufu ya plastiki mpya ndivyo vinavyotoa ule utelezi. Nunua vya polyester au tumia bahasha za karatasi zisizo na salfa. Kwa kabati la mbao, mahogani inafaa. Mwaloni na mwerezi hutoa mvuke wa asidi. Mpira wa kufungia na kitambaa cha sufu vina salfa, na salfa ndiyo inayoipa fedha weusi. Anayeishi Mombasa, Dar es Salaam, Unguja au Muscat ana adui wa pili, unyevu wenye chumvi. Weka sarafu ndani ya kopo lisilopitisha hewa pamoja na chembe za silika zinazobadilika rangi, na uzikaushe tena kila zinapobadilika.

Shika sarafu kwa ukingo, juu ya kitambaa, ukiwa umekaa. Ikivunjika, usiigundishe: weka vipande vyote, hata chembe, ndani ya kifuko kimoja, piga picha ya pale ilipovunjika na uandike kwenye kumbukumbu yake. Mvunjiko wenye chembechembe kama sukari ni ushahidi wa umri ambao mtaalamu atapenda kuuona.